Simu Iliyodhani Gari ni Kabichi

Siku fundi rangi aliponunua simu mpya, gereji nzima ilisimama kazi, na wala si kwa kupenda. Aliingia amevaa shati lake la kutokea, lile ambalo watu walizoea kuliona misibani na benki tu. Akapita katikati ya magari yaliyofunuliwa maboneti mpaka kwenye benchi lake, akapangusa vumbi kwa kiwiko, akaweka kisanduku cheupe taratibu kama anayelaza mtoto. Halafu akakohoa. Hakuna aliyegeuka. Akakohoa tena.

"Kunywa maji," akasema mnyoosha bodi, bila kuacha kugonga.

Mnyoosha bodi huyo watu walimwita Nyundo, na fundi rangi walimwita Jicho. Jina la Nyundo halihitaji maelezo. La Jicho alilipata kwa haki yake. Ulikuwa ukimletea gari lililogongwa ubavuni, rangi yake imepauka kwa jua la miaka na miaka, naye anachanganya makopo yake, tone la hiki, tone la kile, mpaka kiraka kinapotea machoni pa mwenye gari mwenyewe. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na desturi yake moja tu: kabla ya kugusa kopo lolote, alifungua kwa bisibisi kile kimlango kidogo kinachofunika mdomo wa tangi la mafuta, akakibeba mpaka juani, akakidondoshea tone la mchanganyiko wake. Tone likionekana, anafuta, anarudi kuongeza. Tone lisipoonekana, kazi imekwisha.

"Naliuliza gari lenyewe," alikuwa akisema. "Gari halina sababu ya kunidanganya."

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyekwenda dukani kununua simu ya kumwonea rangi! Na sababu hakumwambia mtu, lakini mimi nitawaambia. Tangu mwaka uliopita, akiwa kivulini, kijani na kijivu vilikuwa vimeanza kumchezea. Anaangalia, anaona, anaangalia tena, haoni. Na mtu anayeitwa Jicho atakwenda kumlilia nani kwamba macho yamechoka? Basi akawa ananyamaza, anafanya kazi juani, anajikaza kisabuni. Mpaka siku ile muuza simu, kijana wa tai na marashi, alipomgeuzia skrini na kumwambia, "Mzee wangu, kamera hii inaona rangi bilioni moja. Wewe unaona ngapi?" Jicho akatoa pochi.

Haya, kisanduku kikafunguliwa. Nyundo na wenzake wakasogea, maana umbeya hauna mwenyewe. Ikatoka simu nyembamba, nyembamba kweli, ungeweza kuitumia kupaka siagi kwenye mkate. Mbele kioo, nyuma kioo. Pembeni haina hata tundu.

"Tundu la waya wa masikioni liko wapi?" akauliza Nyundo.

"Hakuna. Wameliondoa ili iwe nyembamba."

"Na kile kichuguu mgongoni?"

"Kamera. Haikuenea ndani, kwa sababu ni nyembamba."

Nyundo akaichukua kwa vidole viwili, akailaza kwenye benchi, akaibonyeza pembeni. Ikayumba kama meza yenye mguu mfupi. Akaibonyeza upande wa pili. Ikayumba tena. Watu wazima wakasimama pale wakipokezana kuiyumbisha, na Jicho akawa anacheka nao kicheko cha meno tu.

Sitaki kuonekana mtu wa roho mbaya. Simu ilikuwa nzuri, tena ilimeremeta. Lakini mtu aliyeichora, popote alipo, sidhani kama amewahi kushika kazi nyingine yoyote maishani mwake. Nani alimwambia kwamba duniani watu wote wana mikono mikavu? Jicho aliiweka juu ya boneti, ikateleza. Akaiweka juu ya kiti, ikateleza. Akaiweka mfukoni, akainama, ikatoka yenyewe kama yenye haraka zake. Kufikia mchana alikuwa ameinunulia kava la mpira, nene na jeusi, na ule urembo wote wa mgongo wa kioo ukazikwa humo, hakuna aliyeuona tena.

Halafu kufungua. Simu ilitaka alama ya kidole. Kidole kipi? Jicho amesugua msasa tangu ujanani, vidole vyake vimelainika kama vijiko. Akaweka gumba, simu ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Akajaribu vyote mpaka kidole kidogo, ikakataa kwa adabu, ikamwambia asafishe kidole chake. Yeye! Basi akaipa uso. Uso ikaukubali, ila mtu wa rangi saa za kazi huvaa barakoa ya kupulizia, na ndani ya barakoa simu haikumjua hata kwa dawa. Kila ilipoita ikawa lazima asimamishe kompresa, avue barakoa, aonyeshe uso, avute kifuani hewa ya thina ya kuzimulia rangi, ndipo ajue kwamba ni kampuni ya simu inamtakia siku njema.

Na betri! Simu nyembamba, betri nayo ya hivyo hivyo. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imekata roho. Akawa anafanya kazi karibu na soketi, yeye na simu na waya mfupi, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwishowe akanunua betri ya akiba, akaifunga mgongoni mwa simu kwa mpira wa kufungia noti.

Nyundo akaupima ule mzigo mkononi. "Kwa hiyo umelipia wembamba," akasema, "kisha ukalipia tena unene. Jicho, una akili wewe."

"Huelewi. Hii ni teknolojia."

"Naelewa. Ya kwako ya zamani ilikuwa nene bure."

Ile ya zamani, kioo chake kina ufa, kamera yake imefifia kama dirisha la jikoni, ilikuwa imetupwa kwenye sanduku la vifaa pamoja na bisibisi zilizokatika. Na hapo ndipo dada yake alipoingia kwenye habari hii.

Alikuja mwanzoni mwa juma, anaendesha mwenyewe gari la marehemu mumewe, taratibu, mlango wa nyuma umebonyea na kuchubuka kuanzia kitasa mpaka chini. Mkokoteni wa mabati ulikuwa umelikwaruza sokoni. Mapajani alikuwa na kopo dogo, mfuniko umezungushiwa tepu.

Huyu dada ni mkubwa kwa Jicho, ndiye aliyemlea baada ya mama yao, na ndiye mtu pekee mjini anayemwita "wewe" bila kuongeza kitu. Mumewe alikuwa dereva wa ofisi. Maisha yake yote aliendesha magari ya watu, meupe na meusi na ya kijivu, na aliponunua la kwake, bovu na la mkono wa tatu, alimwendea shemeji yake Jicho akamwambia: nataka rangi ambayo hakuna bosi wangu aliyewahi kuipanda. Wakaitafuta pamoja. Jicho anachanganya, shemeji anatikisa kichwa. "Ongeza vumbi," alikuwa akisema, akimaanisha ile hudhurungi nyeusi ya kopo la pembeni, na Jicho anaongeza. Mpaka kikatoka kijani kizito, cha chupa iliyokaa dirishani haijafutwa, kijani ambacho dukani hakina jina. Kilichobaki shemeji alikitia kwenye kopo, akalifunga kwa mkono wake. Ya viraka, alisema. Hakuishi kukiona kiraka hata kimoja.

"Harusi ni Jumamosi," dada akasema. "Unajua mwanao anavyotaka."

Jicho alijua. Mpwa wake, bibi harusi mwenyewe, alikataa gari la kukodi, akakataa maua na riboni. Alisema kama baba hayupo wa kumsindikiza, basi gari lake limsindikize, na liwe vile vile alivyoliacha.

"Mlango mmoja tu, dada. Hii kazi ndogo."

"Ndogo kwako. Kopo ndilo hili, hakuna lingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Kisha kwa ukarimu wa mtu aliyepanda cheo, akaingiza mkono kwenye sanduku la vifaa. "Chukua na hii. Simu yangu ya zamani. Imechoka, lakini wewe utafanyia nini kubwa? Bado inapiga."

Dada akaitazama simu yenye ufa, akamtazama na mdogo wake, akaitia kwenye mkoba. Alishukuru kwa sauti ambayo mtu mwenye akili zake angeiogopa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu mzima alipoharibu. Nyundo akaunyoosha mlango, akamaliza, kazi safi. Jicho akapaka puti, akapiga msasa, akaupeleka kwenye kile chumba chake cha kupulizia, cha turubai na mabati. Gari lenyewe liko nje, mbele ya mlango wa chumba, ukitoa mkono unaligusa. Kimlango cha tangi kiko pale pale. Bisibisi iko mfukoni. Na Jicho afanye nini? Akatoka na simu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akalipiga gari picha.

Pembeni mwa skrini kikatokea kialama kidogo cha jani. Jicho akafurahi. Akadhani amepewa tuzo.

"Jani la nini?" akauliza Nyundo, aliyekuwa akichungulia begani.

"Ni akili ya kamera. Imetambua kitu, sasa inakiboresha."

"Imetambua nini? Simu yako inadhani gari ni kabichi."

"Wewe rudi kwenye mabati yako."

Basi akaingia ndani na picha yake. Akaisimamisha simu juu ya rafu, ikateleza, akaisimamisha tena kwa kuiegemezea kopo la thina. Akafungua kopo la marehemu, akakoroga. Rangi ikainuka kutoka chini, nzito, tulivu. Akaitazama. Akatazama skrini. Kwenye skrini gari lilikuwa linang'aa kijani kichanga, kibichi, cha bustani iliyomwagiliwa. Kwenye kopo, vumbi tupu.

Akaguna. Moyo wake ulimwambia kitu, hilo nalijua, kwa sababu alisimama kitambo kirefu na kijiti mkononi. Lakini mle ndani kulikuwa kivuli, na kivulini hakujiamini tena, na simu inaona rangi bilioni moja. Akajisemea kwamba rangi imezeeka kwenye kopo. Ndiyo, imezeeka. Akachukua njano, akatia. Akatazama skrini. Akatia tena. Akatia na nyeupe kidogo. Kwenye kopo lile lile, jamani! Hakumega pembeni kujaribu kwanza, kama hata mwanafunzi wa wiki moja angefanya. Alilirekebisha kopo zima, na lilipolingana na skrini akapiga mluzi, akavaa barakoa, akapulizia.

Alhamisi jioni akaufunga mlango kwenye gari. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta, uwanja wote umeingia kivuli. Akalitazama gari. Kwa macho yake lilionekana, sijui, liko sawa, haliko sawa. Akapiga picha. Jani likatokea. Kwenye picha gari zima, mlango na boneti na kila kitu, lilikuwa kijani kimoja kinachometameta, huoni hata kovu. Akaituma kwa mpwa wake: "Kazi imekwisha, mwanangu." Simu ikamaliza kutuma, ikazima. Betri ya akiba nayo tupu. Jicho akaenda nyumbani amejaa fahari, akala, akalala usingizi wa pono.

Asubuhi dada alifika kabla Jicho hajafungua hata turubai. Alikuja kwa miguu, anatembea haraka, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Mtoto amelia tangu jana," akasema kutoka mbali. "Anasema umebadilisha rangi ya baba yake. Amekuandikia, amekupigia, kimya. Umefanya nini wewe?"

"Simu ilizima, dada. Lakini sijabadilisha kitu, njoo uone."

Alikwisha kuona. Jua la asubuhi lilikuwa limelipiga gari ubavuni. Gari zima lilikuwa vile vile, zito na tulivu kama mwenyewe alivyoliacha, na katikati ya ubavu umebandikwa mlango wa kijani kichanga, unapiga kelele.

Nyundo akaacha kugonga. Huyo mtu haachi kugonga hata mvua ikinyesha.

"Huo mlango," dada akasema polepole, "ni wa gari gani?"

"Ni mwanga tu, dada. Asubuhi mwanga unakuwa..."

"Mwanga? Jua si ndilo hilo hilo kwa gari zima?"

Jicho alikuwa ameshaichomeka simu kwenye soketi. Akaivuta mpaka mwisho wa waya, akaiwasha, akaionyesha uso, akamnyooshea dada yake picha. Nadhani aliamini kweli, maskini. "Tazama mwenyewe. Hapa vimelingana. Kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, nionyeshe tofauti."

Dada hakuishika. "Vimelingana kwenye simu?"

"Vimelingana kabisa."

"Basi bibi harusi apande simu."

Kuna watu walicheka, nyuma huko kwenye matairi. Jicho hakucheka. Kama vile ameamshwa, aliitazama skrini, akalitazama gari, akarudia, na aliona. Juani aliona vizuri kabisa, bila msaada wa mtu.

"Haya, hujafa," dada akasema. "Bandua, upake upya. Kopo si lipo?"

Jicho akairudisha simu kwenye benchi.

"Nimekuuliza, kopo lipo?"

Akalileta mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili. Dada akainua mfuniko, akachungulia ndani. Akakaa hivyo, ameinama, muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama kopo.

"Nililirekebisha," Jicho akasema. "Nilidhani imezeeka."

"Imezeeka." Aliurudisha mfuniko, akaubonyeza kwa kiganja pande zote. "Mume wangu mwenyewe hakuipata nafasi ya kuzeeka. Kopo lake ndilo umeliona limezeeka."

Akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, mgongo amewapa. Mabega yake yakawa yanatikisika, na hakuna fundi hata mmoja aliyejua aangalie wapi. Jicho alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alitamani dada yake amtukane, ampige hata kofi kama zamani. Kwenye benchi simu ikalia: ujumbe wa mpwa, wa jana. *Mjomba, kwa nini umebadilisha rangi ya baba?*

Akaing'oa kwenye waya, akaitupa ndani ya sanduku la vifaa, juu ya bisibisi zilizokatika. Akatoa bisibisi nzima, akaenda kwenye gari, akafungua kimlango cha tangi.

Nyundo alishaushusha mlango. Hakusema neno, na kwa Nyundo hiyo ni sadaka. Akachukua msasa, akaanza kubandua kile kibichi, wanabadilishana yeye na Jicho, vumbi la kijani likiwajaa nyusi. Kisha Jicho akapanga makopo yake juani, akaanza kutafuta upya kitu ambacho safari ya kwanza walikitafuta watu wawili. Tone, anafuta. Tone, anafuta. Kijani hiki kimezidi, nyeusi hii imeua. Jua lilimchoma utosi, jasho likamwingia machoni, hakuondoka. Ilipofika adhuhuri, tone likadondoka kwenye kimlango likapotea.

"Dada," akaita. "Njoo."

Dada akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Akakipokea kimlango, akakigeuza juani, akakigeuza tena. Halafu, bila kuambiwa, akakibeba mpaka chini ya bati, kivulini.

"Hapa linaonekana tone lako."

Jicho akamfuata. Akatazama. Akakisogeza karibu, akakirudisha mbali. "Wapi?"

"Hapa. Hulioni?"

Nyundo alikuwa karibu, wenzake walikuwa karibu, wote wametega masikio. Jicho akashusha pumzi. "Silioni, dada. Kivulini sioni tena. Tangu mwaka jana."

"Ndiyo maana ukanunua simu."

"Ndiyo."

Dada akamtazama kwa muda, na nadhani hasira nyingine ilikuwa inasubiri zamu yake, lakini ikakosa nafasi. "Mpumbavu wewe," akasema. "Si ungeniita? Mimi naona bure, na sichajiwi."

Basi ikawa hivyo mchana kutwa: Jicho anachanganya juani, dada anasimama kivulini na kimlango mkononi, anatikisa kichwa. "Bado. Ongeza vumbi." Mara ya kwanza alipolisema neno hilo wote wawili walinyamaza, kwa sababu walilisikia limesemwa na nani. Kisha Jicho akaongeza vumbi.

Walikaribia. Walikaribia sana. Lakini rangi lazima ipuliziwe, ikauke, na kesho haingoji mtu. Dada akakitazama kimlango kwa mara ya mwisho.

"Juani halionekani kabisa. Kivulini linaonekana kidogo, kwa anayejua. Pulizia." Akamrudishia. "Ila kesho gari hili halikai kivulini hata dakika moja. Na mlinzi wake ni wewe."

Mlidhani anatania? Siku ya harusi, watu wameketi chini ya mahema wanakula na kushangilia, na mjomba wa bibi harusi, amevaa lile shati lake la kutokea, yuko nje anahamisha gari. Kivuli cha ukuta kinasogea, anawasha, anasogeza mbele. Kivuli cha hema kinanyoosha shingo, anawasha, anarudi nyuma. Sahani yake ilipoa, ikaja ikaliwa na mwingine. Nyundo alipita na soda akamwuliza kama anajifunza udereva.

Lakini bibi harusi hakuona. Alitoka nyumbani asubuhi, akasimama mbele ya gari akiwa ameshika gauni lake, akaweka kiganja kwenye mlango ule ule, akasema, "Ndilo." Akapanda. Dada akamkonyeza mdogo wake, mara moja tu, na Jicho ikabidi ajifanye anakagua tairi.

Jioni, kabla ya kuondoka, bibi harusi akataka picha: yeye, mumewe, na gari. Gari liko kwenye jua la mwisho lililobaki. Jicho akapapasa mfukoni akaitoa simu yake nyembamba, na betri yake mgongoni, na mpira wake, maana mtu hajifunzi kila kitu siku moja. Akapiga. Jani likatokea. Bibi harusi akaichukua, akaitazama, uso ukamkunjamana.

"Mjomba, hili gari la nani?"

Jicho akanyoosha mkono aipokee simu yake.

"Lete hapa, sogeeni," dada akasema. Alikuwa ameshafungua mkoba, ameitoa ile simu nene yenye ufa. "Na wewe simama nao, mlinzi. Nyuma hapo, upande wa kulia." Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akabonyeza.

Picha hiyo ndiyo iliyosafishwa ikatiwa fremu, iko ukutani sebuleni kwa bibi harusi mpaka leo. Ina ukungu kidogo, na imelala upande. Lakini kijani ni kile kile, na vumbi lake lote. Bibi harusi anaonekana, bwana harusi anaonekana, gari linaonekana kuanzia taa mpaka taa. Jicho ndiye haonekani: palipokuwa na kichwa chake, upande wa kulia, kuna kidole gumba cha dada yake, kikubwa, kimemfunika kabisa.

Dada anaapa kwamba ilikuwa bahati mbaya.